Fundi kasema bati mita 6, hesabu yangu inatoa mita 5.1. Nani anamwibia nani?

#1 Boma Linangoja (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Boma langu limefika linta (mkanda wa zege juu ya madirisha), sasa naelekea kupaua. Nyumba ni mita 9 kwa 12, nje kwa nje. Paa ni la pande mbili tu, siyo mgongo wa tembo (la pande nne). Kwenye ramani kingposti (nguzo ya kati) ya kenchi, yaani fremu ya mbao ya paa, imeandikwa mita 2.4 kutoka juu ya ukuta.

Fundi kaniletea orodha: bati 36, kila moja mita 6. Usiku nikachukua kalamu. Nusu ya 9 ni 4.5, kimo 2.4. 4.5 mara 4.5 ni 20.25. 2.4 mara 2.4 ni 5.76. Jumla 26.01, na kipeuo chake cha pili ni 5.1. Sasa hizo sentimita 90 zinazozidi kwenye kila bati zinakwenda wapi? Mara 36 ni mita 32 na ushee. Kiwandani wanakata urefu wowote unaotaka na wanauza kwa mita, kwa hiyo kila sentimita naigharamia mwenyewe.

Naomba mawazo kabla sijatuma pesa. Matusi kwa mafundi sitaki, huyu wangu naye anapitaga humu.

#2 Nguzo ya Zege
Nimevuta kiti. Wenye fani waje.

#3 Papi Mbili kwa Mbili
Mimi seremala wa mapaa. Mkuu, umepiga hesabu mpaka ukutani ukasimama. Paa haliishii ukutani, ungetaka maji yatiririke kwenye plasta yako? Umeacha upenu.

Upenu tunaoweka sana ni sentimita 60 kutoka ukutani kwa mlalo. Bati nalo halilali mlalo, linashuka na mteremko, kwa hiyo 60 ya chini inakuwa 68 juu yake. Chukua 5.1 gawanya kwa 4.5 unapata 1.133, zidisha kwa 60. Jumlisha na ile 5.1 yako: mita 5.78. Fundi kaandika 6 ili asihangaike na pointi. Tuma pesa ya watu.

#4 Kipeuo
Nafundisha hesabu sekondari, nimefurahi kuona uzi kama huu humu. Mleta mada katumia kanuni ya Pythagoras (pembetatu yenye pembemraba: pande mbili fupi, kila mmoja mara wenyewe, zikijumlishwa ni sawa na upande mrefu mara wenyewe) na kapatia kwa alichokipima. Tena kaangukia kwenye pembetatu nzuri: 2.4, 4.5 na 5.1 ni 8, 15 na 17 zilizopunguzwa kwa kipimo kimoja, ndiyo maana kipeuo kimetoka safi (halisi ni 26.01, na 5.1 mara 5.1 ni 26.01 kamili).

Ila #3, umeruka kidogo mwishoni. Kutoka 5.78 mpaka 6 kuna sentimita 22. Mara bati 36 ni mita 7.92. Hiyo ni zaidi ya bati zima la mtu. Kama kiwanda kinakata urefu wowote, kwa nini isiandikwe 5.8?

#5 Dada Simenti
Mwalimu umeuliza swali lenyewe. Kwa mama yangu tulipaua, vipande tukaambiwa "vimeliwa na kazi". Mwaka uliofuata tukaalikwa harusi kwa fundi. Banda lake la kuku lina bati la rangi ileile ya nyumba ya mama, geji (unene) ileile, na vipande vyote havizidi mikono miwili 😂

#6 Papi Mbili kwa Mbili
Dada Simenti, kuku nao wananyeshewa.

Mwalimu, hesabu yako ni ya ubaoni. Juu ya paa kuna mambo ubao hauyaoni. Kuta zinapishana sentimita mbili tatu. Kenchi hazisimami zote kimo kimoja. Bati likipungua sentimita 5 huwezi kulivuta. Likizidi unalikata kwa mkasi na fishabodi (mbao ya ukingo wa paa) inakaa sawa. Fundi gani atakubali alaumiwe kwa bati fupi?

#7 Msomaji Kimya
Kwa hiyo kofia je? Bati haligusi kileleni, linaachiwa nafasi kidogo kofia ifunike. Hapo urefu unapungua, hauongezeki.

#8 Papi Mbili kwa Mbili
Kweli, unaacha kama sentimita 5 juu. Lakini chini unaongeza kama hizohizo bati liingie kwenye gata (mfereji wa maji ya paa), maji yasirudi nyuma kwenye fishabodi. Zinafutana.

#9 Mzee wa Timazi
Vijana, mnagombania bati na msingi hamjauliza. Mleta mada, kabla ya yote, panda juu ya linta na msaidizi, pimeni kona kwa kona. Nyumba ya 9 kwa 12 lazima ikupe mita 15 pande zote mbili, kwa sababu hiyo ni pembetatu ya tatu-nne-tano mara tatu. Ikikataa, shida yako siyo mita 6.

Na utumie tepu ya chuma. Ile ya kitambaa muachie fundi cherehani.

#10 Boma Linangoja
Shikamoo mzee. Kesho naenda saiti.

#11 Kidato cha Pili B
Kumbe ile hesabu ina kazi mtaani! Sisi tuliambiwa tukariri herufi tatu na vile vidogo vya juu, mwalimu akapita. Hakuna aliyesema neno "bati" darasani.

#12 Kijiweni Sina Deni
Tena Pythagoras mwenyewe aliiba. Waafrika wa Misri ndio walijenga piramidi kwa kamba yenye mafundo 12, wakaivuta 3, 4, 5. Mgiriki akaja kusoma akarudi kwao na jina.

#13 Kipeuo
#12, tupunguze kasi. Ile kamba ya mafundo 12 inapendwa sana ila hakuna maandishi ya Misri ya kale yanayosema walipigia pembemraba kwayo. Ni dhana ya mwanahistoria wa hisabati Mjerumani, Moritz Cantor, wa karne ya 19, watu wakaichukua kama habari iliyothibitishwa. Walichoacha Wamisri ni swali kwenye mafunjo yanayoitwa Berlin 6619: mraba wa eneo 100 ugawe kuwa miraba miwili, upande wa mmoja uwe robo tatu ya mwingine. Jibu lake ni 8 na 6. Pembetatu yenyewe haikutajwa.

Ukitaka ushahidi mzito nenda Babeli. Kuna kibao cha udongo kilichopo Chuo Kikuu cha Yale, YBC 7289, kimechorwa mraba na mishazari yake (mistari ya kona kwa kona), na pale pameandikwa kipeuo cha pili cha namba 2 ambacho ni sahihi mpaka desimali ya tano. Kingine, Plimpton 322, kipo Columbia, New York, kimejaa namba za pembetatu za aina hii. Vyote vimemtangulia Pythagoras kwa zaidi ya miaka 1000. Kwa hiyo kwamba hakuwa wa kwanza, tunakubaliana. Kwamba aliiba Misri, lete kitu.

#14 Kijiweni Sina Deni
Babeli, Misri, bado siyo Mgiriki. Nimeshinda nusu 😎

#15 Nguzo ya Zege
Hata rais wa Marekani kaithibitisha kwa njia yake. James Garfield, mwaka 1876, alipokuwa bado mbunge. Alitumia trapeza. Wabunge wetu wangepewa kipindi kimoja tu cha hesabu...

#16 Dada Simenti
Wangeomba posho ya kipeuo.

#17 Mjengo Nakuru
Salamu kutoka Kenya. Huku hesabu hii inatuokoa kwenye ploti. Ploti ya hamsini kwa mia, kona kwa kona ni futi 111 na inchi 9 na nusu hivi. Nilipoenda kuona moja niliyotaka kununua, mshazari mmoja ulinipa karibu hiyo, wa pili ukanipa 108. Nikamwambia wakala bikoni (alama ya mpaka) moja imetembea. Akasema ni udongo wa pale umevimba na mvua. Nikamwachia na udongo wake.

Na hiyo "hamsini kwa mia ni thumni ya ekari" wanayoimba, pia siyo. Thumni ya ekari ni futi mraba 5,445. Hamsini kwa mia ni 5,000.

#18 Boma Linangoja
Wakuu, nimerudi na mengine. Tumepima juu ya linta, mimi na kijana wa saiti, tepu ya chuma, mara ya pili tukabadilishana ncha.

Kona ya mbele kushoto mpaka nyuma kulia: 15.10.
Ya pili: 14.90.
Kuta zenyewe ziko sawa: mbele 12, nyuma 12, pembeni 9 na 9.

Mzee wa Timazi, hii ni kubwa au ndogo? Sentimita 10 huku na 10 kule, wastani ni 15. Fundi anasema "zinafutana".

#19 Mzee wa Timazi
Hazifutani, mwanangu. Nyumba yako imelala upande.

#20 Kipeuo
Ngoja niseme imelala kiasi gani. Kwanza pima kama vipimo vyako ni vya kweli. Umbo lenye pande zinazolingana mbili mbili, ukijumlisha mishazari yote miwili kila mmoja mara wenyewe, lazima upate jumla ya pande zote nne kila mmoja mara wenyewe. Pande: 81 na 81 na 144 na 144 ni 450. Mishazari: 228.01 na 222.01 ni 450.02. Umepima vizuri, tepu yako haina neno.

Sasa kulala. Tofauti ya miraba ya mishazari ni 6. Gawanya kwa mara mbili ya mita 12, yaani 24, unapata 0.25. Gawanya tena kwa mbili: 0.125. Ukuta wako wa nyuma umesogea pembeni sentimita 12 na nusu ukilinganisha na wa mbele. Kwa jicho huoni, pembe imepotea kama nyuzi 0.8 tu.

#21 Kidato cha Pili B
Mwalimu hapo kwenye kugawanya kwa mbili umenipoteza, lakini naendelea kusoma kwa heshima.

#22 Kipeuo
Chora nyumba imelala kulia. Mshazari mrefu una mlalo wa 12 na kile kilichosogea, mshazari mfupi una 12 toa kile kilichosogea, na kina ni kilekile. Andika Pythagoras ya kila mmoja halafu toa moja kwa nyingine. Kina kinajiondoa, inabaki 4 mara 12 mara kilichosogea. Hiyo ndiyo sawa na 6.

#23 Msomaji Kimya
Na je hiyo inaeleza bati za mita 6? Labda fundi aliona nyumba imelala akaongeza.

#24 Papi Mbili kwa Mbili
Haielezi. Upana wa kukingama haubadiliki hata sentimita moja kwa kulala kidogo vile. Itakapomuuma ni pembeni, kwenye pembe tatu za paa, zile ncha zake za kushoto na kulia juu ya kuta za mita 9. Bati linashuka wima kutoka kileleni, ukuta unakwenda mshazari. Kutoka kileleni mpaka ukutani vitapishana kama sentimita 6. Upande mmoja upenu utaonekana mnene, upande wa pili mwembamba. Mgeni akisimama getini hataona. Mwenye nyumba ataona kila asubuhi akipiga mswaki.

#25 Mzee wa Timazi
Muulize aliyeseti msingi alitumia pembetatu gani. Nabashiri ni sitini, themanini, mia.

#26 Boma Linangoja
Mzee umejuaje? Nilikuwepo. Alipigilia misumari kwenye mambo (vigingi), akavuta uzi, akaweka alama 60 huku, 80 kule, akahakikisha 100. Tena kona zote nne alizifanya hivyo. Sasa kama ni Pythagoras ileile, kosa liko wapi?

#27 Mzee wa Timazi
Kosa haliko kwenye kanuni, liko kwenye udogo. Pembetatu ya mita moja unairefusha mpaka mita 9, na kosa linarefuka nayo. Kwenye sitini-themanini-mia, ukikosea sentimita moja kwenye ile mia, ukifika mita 9 umeshatoka kama sentimita 19. Ukikosea sentimita hiyohiyo kwenye mita 3, 4 na 5, unatoka kama sentimita 4 tu. Wewe umetoka 12 na nusu, maana yake alikosea milimita 7 hivi. Ni unene wa msumari na uzi ulivyozungushiwa.

Sisi tulivyofundishwa: msumari unagongwa katikati ya kichwa cha mambo, na kichwa chake kinabaki juu kidogo ili tepu ishike. Mmoja anashika sifuri kwenye msumari wa kona. Uzi wa mbele haugusiki tena, huo ndio baba. Unapima mita 4 juu yake, unafunga kipande cha uzi mwekundu. Uzi wa pembeni unafungwa alama mita 3. Halafu unasogeza ule wa pembeni peke yake, taratibu, mpaka tepu kati ya alama mbili isome mita 5 bila kulegea. Kama uwanja unaruhusu, fanya 6, 8, 10. Mwisho wa yote mishazari ya nyumba nzima, na hapo ndipo unasema msingi uchimbwe. Vijana wanaruka hili la mwisho kwa sababu mwenye nyumba ameshika simu anauliza lini zege.

#28 Fundi Bomba
Mzee nakuheshimu, lakini mimi nashuku tepu. Mafundi wengi ncha ya tepu imekatika, ule mdomo wa chuma haupo, wanaanzia 10. Anaanzia 10 kwenye 60, anaanzia 10 kwenye 80, akifika kwenye mia anasahau anasoma 100 badala ya 110. Nimeshuhudia.

#29 Kipeuo
Fundi Bomba, hapo angepata 60, 80, 90. Pembe ingekuwa chini ya nyuzi 80 na nyumba ingeonekana imelala hata kutoka barabarani. Kosa la huyu ni la milimita.

#30 Mjengo Nakuru
Mimi nashuku uzi wenyewe. Nailoni unavutika. Wakivuta asubuhi, jua likipiga unalegea, alama zinahama.

#31 Msomaji Kimya
Au mishazari ya juu ndiyo ya uongo. Tepu ya mita 15 hewani inabonyea katikati, si inaongeza urefu?

#32 Kipeuo
Inaongeza, ila kidogo mno. Chukulia imebonyea sentimita 20 katikati. Nusu yake ni pembetatu ya 7.5 na 0.2. Kipeuo ni 7.503 hivi. Nzima imeongezeka nusu sentimita. Na kubonyea kungeongeza mishazari yote miwili, kusingefupisha mmoja kuwa 14.90.

#33 Bandani Forodhani
Asalam alaykum nyote. Nyinyi wa bara mnahangaika na bati. Huku Unguja nyumba za mawe za Mji Mkongwe boriti ndiyo ilikuwa inaamua chumba: boriti za mikoko hazifiki mbali, kwa hiyo chumba chembamba, hakivuki mita tatu, kirefu unavyotaka. Hakuna kipeuo hapo.

Ila kwenye mapaa ya makuti hesabu ipo. Makuti yanataka mteremko mkali, la sivyo maji yanakaa yanaoza. Ukisimamisha nyuzi 45, kimo ni sawa na nusu ya upana, basi pau (mti unaopanda na mteremko) ni nusu ya upana mara 1.414. Banda la mita 6, nusu yake 3, pau 4.24 bila upenu. Mafundi wa kwetu hawaandiki hivyo, wanakunja kamba ya nusu upana mara moja na karibu nusu. Inatosha.

#34 Dada Simenti
Wa Unguja lazima atuambie wa bara hatujui kitu. Karibu kaka, kahawa ipo.

#35 Mwanza Mawe Matatu
Mimi nina kesi ya kinyumenyume. Kiwanja changu kipo kwenye mlima, huku Mwanza tambarare ni ya matajiri. Hati inasema upande ni mita 30. Jirani kavuta tepu ardhini bikoni kwa bikoni, kapata 30 na nusu na zaidi. Akasema nimemla nusu mita. Kikao cha serikali ya mtaa kikaitwa.

Akaja kijana wa upimaji. Akasema hati inaandika urefu wa mlalo, kama ndege anavyoona, siyo kama mbuzi anavyopanda. Kutoka bikoni ya juu mpaka ya chini kuna mteremko wa mita 6. 30 mara 30 ni 900, 6 mara 6 ni 36, kipeuo cha 936 ni 30.59. Tepu ya jirani ilikuwa sahihi na hati ilikuwa sahihi. Jirani hajakubali mpaka leo, anasema kijana nilimlipa.

#36 Nguzo ya Zege
Ulimlipa?

#37 Mwanza Mawe Matatu
Soda moja.

#38 Boma Linangoja
Jamani turudi kwangu. Msingi umeshakuwa, sitabomoa. Swali la mita 6 bado.

#39 Tofali Mbichi
Nimefuatilia kuanzia mwanzo. Nimejaribu kuigeuza hesabu: badala ya kuuliza kwa nini siyo 5.1, uliza ni paa gani linatoa 6. Nimepata mawili.

Upenu ukiwa 80 badala ya 60: 80 mara 1.133 ni 91, jumlisha 5.1, unapata 6.01.
Au kingposti ikiwa 2.8 badala ya 2.4, upenu ubaki 60: kipeuo cha 20.25 na 7.84 ni 5.30, na upenu juu ya mteremko huo ni 71. Jumla 6.01.

Yote mawili yanafika mita 6. Kwa hiyo fundi wako ama anakupa upenu mrefu, ama anakuinulia paa bila kukuambia, na anayeinua paa anakula mbao pia.

#40 Kipeuo
Tofali Mbichi, kazi nzuri. Niongeze kidokezo. Bati 36 ni 18 kila upande. Mleta mada, bati moja likilala linafunika upana gani?

#41 Boma Linangoja
Muuzaji kasema kama sentimita 75.

#42 Kipeuo
Basi tazama. Urefu wa nyumba 12, weka upenu wa 60 huku na 60 huku, 13.2. Gawanya kwa 0.75 unapata 17.6, yaani 18. Ndiyo 36 yake hiyo. Angeweka 80, ingekuwa 13.6 na jibu ni 18.13, angelazimika kuandika 19 kila upande, 38. Mtu aliyehesabu 36 alikuwa na 60 kichwani. Mimi naegemea kingposti ya 2.8.

#43 Papi Mbili kwa Mbili
Mwalimu umekwenda haraka. Upenu wa pembe tatu na upenu wa gata siyo lazima ulingane. Mimi mwenyewe gatani natoa 80 kwa sababu dirisha liko chini na mvua inapiga, pembeni natoa 60 au hata 45. Kwa hiyo 80 haijafa.

#44 Dada Simenti
Na banda la kuku nalo halijafa.

#45 Boma Linangoja
Nimempigia. Nikamuuliza upenu ni ngapi. Kasema, "Sabini, themanini, itategemea." Nikamuuliza kingposti. Kasema, "Ramani inasema 2.4 lakini kwa bati la rangi linapendeza likiinuka." Nikamuuliza itainuka kiasi gani. Kasema tukutane saiti.

#46 Tofali Mbichi
Kajibu yote mawili 😂

#47 Kijiweni Sina Deni
Huyo kasomea Babeli.

#48 Mzee wa Timazi
Usinunue bati kwa karatasi. Nunua mbao kwanza. Simamisha kenchi mbili za mwisho na moja ya kati, vuta uzi, halafu panda na tepu upime kutoka kileleni mpaka ncha ya upenu. Hiyo ndiyo namba ya kupeleka kiwandani. Na kingposti aikate mbele yako.

#49 Fundi Bomba
Mzee hiyo ni ya enzi zenu. Kiwanda kina foleni, ukipeleka oda leo unaweza kusubiri, na masika yanakuja. Kenchi zikiloa bila bati zinapinda, zikipinda vipimo vyote vya Pythagoras ni bure. Bora bati zitangulie, azidishe kidogo, zikatwe juu.

#50 Papi Mbili kwa Mbili
Nakubaliana na mzee kwa kupima, nakubaliana na Fundi Bomba kwa masika. Mbane kwa maandishi tu: mwandikishe kingposti na upenu kwenye karatasi ya makubaliano, kwa namba, msaini wote. Akishaandika 2.4 na 60, 6 yake haina pa kusimama. Akiandika 2.8, ujue na mbao zimeongezeka.

#51 Mama Mgongo wa Tembo
Samahani wakuu kuingia katikati. Yangu ni 9 kwa 12 vilevile, kimo 2.4, ila mgongo wa tembo. Ile mbao ya konani inayopanda mpaka kileleni inakuwa ngapi? Fundi kasema "ileile tano na kidogo".

#52 Kipeuo
Hapana mama, hiyo Pythagoras inapigwa mara mbili. Kwanza kwenye sakafu: kutoka kona unaingia 4.5 huku na 4.5 kule, mshazari wake 6.36. Halafu unapanda 2.4. Kipeuo cha 40.5 na 5.76 ni 6.80. Ukitaka upenu wa 60 mzunguko mzima, zidisha 6.80 kwa 1.133 (yaani 4.5 na upenu 0.6, gawanya kwa 4.5), unafika 7.71.

#53 Mama Mgongo wa Tembo
Asante mwalimu. Sasa mbao za dukani ni futi 12, kama mita 3.66. Mbili ni 7.32. Hazifiki!

#54 Papi Mbili kwa Mbili
Hazifiki, na zikiungana zinapishana, kwa hiyo pungufu zaidi. Ni mbao tatu kila kona, kona nne, mbao 12. Na maungio yakae juu ya nguzo au ukuta wa ndani, yasikae hewani. Kwenye orodha yake ameandika ngapi?

#55 Mama Mgongo wa Tembo
Nane.

#56 Dada Simenti
Angalau huyu hafugi kuku.

#57 Papi Mbili kwa Mbili
Mama, fungua uzi wako uweke ramani ya vyumba, tuone kuta za ndani zinapita wapi. Huu wa Boma tumeujaza.